Malenge Chini ya Dirisha

Ufa ulianzia chini ya kitanda. Khalayi alikuwa anafagia, akaona mstari mweusi sakafuni, akadhani ni sisimizi wanahama. Akapiga ufagio, mstari haukutawanyika. Akachuchumaa, akaugusa, na ncha ya kidole ikazama ndani ya saruji ya nyumba yake mwenyewe.

Nyumba yenyewe ilikuwa vyumba viwili na jiko la mabati, kule Nairobi, mwisho wa mtaa wa Mowlem ambako barabara inachoka na kuwa kijia. Yeye na mumewe Wesonga waliijenga kidogo kidogo kwa mawe ya timbo lililokuwa nyuma huko, yale yaliyovunjika kona yakakosa mnunuzi. Wesonga alikuwa kibarua Industrial Area, leo kiwanda hiki, kesho kile, na kila alipopata kazi ya wiki nzima ukuta uliongezeka mstari mmoja. Walipohama chumba cha kupanga wakaingia kwao, Khalayi aliona amefika. Ila jamani, mtu akikuuzia jiwe lililochimbwa nyuma ya nyumba yako, si ujiulize shimo linaelekea wapi. Hawakujiuliza. Timbo lilikuwa mbali wakati huo. Lilisogea baruti kwa baruti, na siku kampuni ya Jiwe Kuu iliposema mawe yamekwisha, kingo ya shimo ilikuwa inatazamana na dirisha la jiko.

Haya. Wakubwa wakasema safari hii kampuni haiwezi kuchimba, kubeba na kwenda zake. Lazima irudishe udongo na ipande mimea. Mpaka mimea ishike, shimo ni lake, na kingo ikianza kumomonyoka ni juu yake kujenga ukuta wa mawe chini ya nyumba za watu. Mimea ikishika, kazi imekwisha, inang'oa ua wake wa waya na kuondoka. Sasa swali likabaki moja: kushika ni nini? Nani wa kusema hapa ardhi imepona? Ikaundwa kamati ya kuweka kipimo, na wakaaji wa kingoni wakamtuma Khalayi, kwa sababu ana mdomo na hapendi kudanganywa.

Walikutana kwenye ukumbi wa kanisa. Afisa wa mazingira aliitwa Mativo, mtu mpole wa sweta ya kijivu, ambaye hata akikukatalia kitu unahisi kama anakuomba msamaha. Alikuja na fremu ya mbao, pembe nne, kiasi cha dirisha dogo. Akawaonyesha namna inavyofanya kazi. Unaligeuzia shamba mgongo, unaitupa nyuma yako bila kuangalia, halafu unakwenda kutazama ndani yake. Mimea imefunika kiasi gani? Unatupa mara tano sehemu mbalimbali, na mitupo mitatu ikifaulu, ardhi imefaulu.

Meneja wa kampuni, Ndeti, akataka mimea ikifunika robo ya fremu ihesabiwe imefaulu. Khalayi akasimama.

"Robo, Bwana Ndeti? Wewe ukinyolewa robo ya kichwa, utaondoka kwa kinyozi ukisema umenyolewa?"

Ukumbi ukacheka, hata Mativo akajificha nyuma ya karatasi zake. Wakavutana, wakavutana, mwisho ikaandikwa nusu na kuzidi. Khalayi akaketi akihisi mwili mwepesi. Siku zote alikuwa akiambiwa yaliyokwisha kuamuliwa, na leo neno lake limeandikwa.

Halafu Mativo akauliza, "Na mimea yenyewe, tuandike ya namna gani? Miti? Nyasi za kudumu?"

Hapo ndipo Ndeti alinyamaza. Khalayi hakunyamaza. Yeye alizaliwa Bungoma, amekulia nyuma ya jembe la mama yake, na kwao shamba halisifiwi kwa miti. Akasema, "Andika mmea wowote. Sisi udongo tunauliza unakubali nini. Ukikubali kunde na mahindi, huo ni mzima, hauna ugonjwa. Kwa nini tuwafunge na nyasi?"

Watu wakapiga makofi. Ndeti naye akapiga, tena makofi yake yalimalizika mwisho.

Malori yakaja. Yakamwaga udongo mwekundu juu ya kifusi, tingatinga likausawazisha, na ukitazama kwa mbali ungesema mtu ametandika blanketi jipya. Wesonga akaingia siku moja na chuma cha kuchokonoa. Akakisukuma chini kwa mkono mmoja, kikagonga jiwe kabla hakijazama kiganja.

"Mama Masinde," akamwambia mkewe, "hii ni chapati. Na si ya ngano nzuri."

"Acha wapande," akasema Khalayi. "Hiyo chapati haiwezi kufika nusu ya fremu. Wakishindwa, watarudi na udongo wa kweli, na watajenga ukuta. Kipimo kipo."

Aliliamini hilo kabisa. Ufa ulikuwa umefika mguu wa pili wa kitanda, lakini kila akiutazama alijiambia kipimo kipo. Nyasi za kampuni zikapandwa, zikapigwa na jua la Februari, zikawa rangi ya magunia. Khalayi akawa anachungulia kutoka jikoni na kufurahi kimoyomoyo, na si kila siku unaona mwenye nyumba anafurahia ukame.

Mvua ya Machi ikaanguka.

Sasa nikuambie kitu kuhusu akina mama waliotoka magharibi. Waonyeshe almasi, wataipita. Waonyeshe kipande cha udongo uliolowa ambao hauna kitu, mikono inawawasha. Pale Mowlem walikuwa wamepanda kando ya reli, kando ya mtaro wa maji machafu, hata kwenye kisehemu cha katikati ya barabara ambapo kunde zilikuwa zinapepewa na moshi wa magari. Na sasa hapo nyuma ya nyumba kuna uwanja mzima mwekundu, umelainika, unanukia mvua. Nani atalala?

Wa kwanza kuingia na jembe alikuwa Khalayi. Ndiyo, yeye. Ungemuuliza angekuambia ni mistari michache tu ya sukuma wiki, ya watoto. Aliingia asubuhi akiwa na wasiwasi wa kufukuzwa, maana askari wa kampuni alikuwa mkali, mbuzi wa Bulle mwenye duka hawakuthubutu hata kupitisha pua kwenye waya. Lakini yule askari alimtazama, akatazama jembe, akamfungulia lango.

"Ingia tu, mama. Lima," akasema.

Baada ya Khalayi akaja jirani yake Nangila na kunde. Baada ya Nangila, wengine. Ilipofika Mei shimo lote la Jiwe Kuu lilikuwa kijani: kunde, mchicha, mahindi ya kiunoni, maharagwe. Jioni akina mama walisimama humo wakichuma na kuitana kwa majina ya nyumbani, na kwa kitambo kidogo ulisahau uko Nairobi.

Aliyemfumbua macho ni Bulle. Khalayi alikwenda dukani kwake kuchukua sukari, na yule mzee akamuuliza polepole huku akipima, "Mama Masinde, hebu nifahamishe. Mbuzi wangu akisogelea waya, askari anamrushia mawe. Wewe ukija na jembe, anakufungulia lango. Huyo Ndeti anawapenda nyinyi tangu lini?"

Khalayi alisimama na mkono umeshika mfuko wa sukari. Ukumbi wa kanisa ulimrudia wote kichwani, pamoja na makofi ya Ndeti. Mmea wowote. Akatoka dukani bila kuaga, akaenda mpaka kwenye waya, akatazama ile bustani, na kwa mara ya kwanza ikamtisha.

Kipimo kilipangwa kufanywa mwisho wa mwezi.

Aliwafuata akina mama mferejini, pale wanapopanga foleni ya mitungi. Akawaeleza yote, kwamba wakipima na mimea yao imo humo, kampuni itafaulu kwa jasho lao, itaondoka, na ukuta hautajengwa. Akawaomba wang'oe. Walimsikiliza vizuri, hawakumkatiza. Nangila ndiye aliyejibu, na Nangila hakuwa mtu mbaya, alikuwa amemlelea Khalayi watoto alipolazwa.

"Unataka ning'oe kunde ambazo zimeanza kuzaa, dada? Watoto wangu wale kipimo?"

"Nyumba yangu itaanguka, Nangila."

"Itaanguka lini?"

"Sijui."

"Mimi njaa yangu najua inakuja lini. Inakuja leo jioni." Akainua mtungi wake. "Usinichukie. Ungekuwa mimi ungesema hivyo hivyo."

Na ubaya ni kwamba Khalayi alijua angesema hivyo hivyo.

Akaenda mjini kwa Mativo, akangoja kwenye benchi mpaka miguu ikafa ganzi. Mativo alimkaribisha, akamvutia kiti, akamsikiliza akiwa amevua miwani.

"Mama, nakuelewa. Udongo ule ni kiganja tu, na mimi naujua. Lakini sipimi ninachokijua. Napima kilichoandikwa, na tuliandika pamoja."

"Basi futa."

"Siwezi kufuta peke yangu. Kamati itakutana tena mwakani. Huko mbele, kwa matimbo mengine, tutasema mimea ya kudumu, na tutasema kina cha udongo. Wewe mwenyewe umetufundisha hilo."

"Ufa wangu haujui mwakani," akasema Khalayi. Mativo alimsindikiza mpaka ngazini, na huruma yake ilimuumiza kuliko kama angemfukuza.

Mlango uliobaki ulikuwa wa Bulle, na shida yake ikamfanya aombe jambo la ajabu. Alimwomba Bulle awaachilie mbuzi asubuhi ya kipimo. Yeye mwenyewe angekata waya.

Bulle hakucheka. Aliweka chini kikombe chake cha chai ya maziwa. "Mimi hapa naitwa mgeni, na nimezaliwa Eastleigh, baba yangu kazaliwa Isiolo. Mbuzi wangu wakimaliza shamba la akina mama, kesho duka hili litakuwa la nani? Nisamehe. Hilo siliwezi." Kisha akaongeza, "Stoo yangu ina nafasi nyuma ya magunia. Mungu asijaalie, lakini ikifika siku, msiniombe. Ingieni tu."

Asubuhi ya kipimo Khalayi aliingia shambani peke yake akang'oa kila alichopanda. Sukuma wiki zilizokuwa zimenawiri mpaka magotini, alizivuta moja moja na mizizi yake, mizizi mifupi iliyokuwa imejikunja juu ya mawe kwa kukosa pa kwenda. Alizijaza kwenye gunia akalitoa nje ya waya. Alilia akifanya hivyo. Kung'oa mboga nzima isiyo na doa ni jambo ambalo mama yake hangelisamehe. Alipomaliza, sehemu yake ilikuwa wazi kama kichwa cha kipara katikati ya kijani cha wenzake.

Mativo akaja na fremu. Ndeti akaja na viatu vilivyopakwa rangi, na akina mama wakaja kulinda mboga zisikanyagwe. Mtupo wa kwanza ukaangukia kwenye kile kipara. Mativo akainama, akatazama udongo mtupu, akaandika imeshindwa. Akina mama wakamgeukia Khalayi kwa macho makali. Hakujali, alikuwa anahesabu.

Wa pili ukaangukia kunde za Nangila. Ukafaulu. Wa tatu mchicha na maharagwe, ukafaulu. Wa nne uliangukia kijia ambacho akina mama wenyewe walikuwa wamekikanyaga mpaka kikawa kigumu kama sakafu, na hakikuwa na hata jani. Ukashindwa.

Ukabaki mmoja.

Hapo Mativo alifanya jambo ambalo Khalayi hakulisahau. Alichukua fremu yake akatembea mpaka upande wa nyumba, kwenye mteremko ulio chini kabisa ya dirisha la jiko lake. Palikuwa mahali pabaya kuliko pote, kifusi kitupu, kwa maana mvua ilikuwa imekwisha kuteremsha ule udongo wa chapati. Hakuna aliyepanda pale, jembe lisingeingia. Hakumtazama Khalayi, lakini Khalayi alijua anamfanyia yeye. Ni haki yake kuchagua pa kusimama, hakuvunja lolote.

Mativo akageuka, akaitupa nyuma.

Fremu ikagonga jiwe, ikaruka. Ikagonga jingine. Ikateleza kwenye mteremko, ikapotea nyuma ya ukingo wa mwamba, na wote wakaisikia inakwaruza mawe ikishuka, inashuka tu, kwa sababu pale palikuwa hapana kitu cha kuizuia. Halafu ikanyamaza.

Wakaizunguka ile kingo kwenda kutazama. Ilikuwa imekwama kwenye malenge. Mmea mnene wenye majani mapana kama sinia, umetambaa juu ya kifusi na kukifunika, umeshika mawe kwa vile vidole vyake vilivyojikunja, maua ya njano yamefunguka. Ndani ya fremu usingeona chini hata kwa kutafuta.

Khalayi aliufuata mmea kwa macho, juu, juu zaidi, pale ulipotokea. Ulianzia chini ya dirisha lake, ndani ya ufa wa mwamba, mahali alipokuwa akimwaga maji ya vyombo kila jioni tangu wahamie hapo. Kutoka dirishani haukuonekana, ulikuwa umeinamia upande wa shimo. Hakuupanda. Ni mbegu alizozitupa pamoja na maganda.

Mativo alikaa amechuchumaa pale muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

"Hiyo ni yangu," akasema Khalayi. "Bwana Mativo, mbegu imetoka kwenye sufuria yangu. Si ya kampuni."

"Tunashukuru, mama," akasema Ndeti, wala hakuwa anamkejeli. Alikuwa anashukuru kweli.

Mativo akaandika. Aliposimama akashika mkono wa Khalayi kwa mikono yake miwili, kama watu wanavyoshikana msibani.

Kampuni iling'oa waya wiki ile ile. Kunde zikaisha, mahindi yakavunwa, Julai ikapita na baridi yake na Agosti na vumbi lake, na lile blanketi jekundu likawa linapeperuka kidogo kidogo kuelekea Dandora. Wesonga alihamisha kitanda ukuta wa pili. Akapanga matofali kuzunguka ufa, akayajaza saruji, na ufa ukapita katikati ya saruji mpya. Jioni alikuwa anakaa mlangoni akiutazama, na Khalayi naye alishindwa kumwambia ingia ndani, kwa sababu ndani ndimo ulimokuwa.

"Tuhame," Wesonga akasema siku moja.

"Twende wapi, Baba Masinde?"

Akainuka akaenda kuchanganya saruji nyingine.

Oktoba redio zikaanza kutaja jina geni, Elinino. Watu wa mtaani walilifanyia mzaha, wakaiita hivyo matatu moja na mbwa mmoja. Kisha mvua ikaanza, na ilipoanza haikujua kuacha. Timbo likajaa maji ya kahawia. Kingo ikaanza kumeguka, leo kipande kama meza, kesho kama gari. Mchana wa Jumapili moja watu wakitoka kanisani, jiko la Khalayi liliinama taratibu, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha, likashuka. Chumba cha watoto kikafuata. Wesonga na majirani walikuwa wamewahi kung'oa mabati ya chumba kikubwa na kutoa kitanda, masufuria na cherehani. Wakasimama kwenye mvua wakitazama yale mawe ya kona zilizovunjika yakirudi shimoni yalikotoka. Hakuna aliyeumia, na watu walimwambia Khalayi ashukuru. Alishukuru.

Hawakumwomba Bulle. Waliingia tu, nyuma ya magunia ya unga na mchele, na mkewe Hodo akawatandikia mkeka.

Jioni Nangila akaja amejifunika nailoni kichwani, amebeba sufuria iliyofungwa kwa kitambaa. Hakuketi. Aliiweka chini, akafungua kitambaa, mvuke ukapanda. Lilikuwa malenge la kuchemsha, vipande vikubwa vya rangi ya chungwa.

"Ni ya ule mmea wako," akasema akitazama sakafu. "Ulikuwa umetambaa mpaka upande wangu. Niliyachuma Agosti nikayaweka. Nilikuwa nitakuletea."

Watoto hawakungoja sahani. Masinde alichukua kipande cha moto akakihamisha mkono huu na huu, akampa mdogo wake nusu. Wesonga akala akiwa ameuelekea ukuta. Khalayi alitazama ile sufuria kwa muda, akatafuta moyoni mwake hasira ya kuisukuma mbali, akaikosa. Tangu asubuhi hakuwa ametia kitu mdomoni.

Akanyoosha mkono akachukua kipande. Malenge lilikuwa tamu, limeiva sawasawa, kama la udongo mzuri.